Msafara wa Kidole Gumba

Katika nchi moja ambayo sitaitaja, si kwa kuogopa mtu bali kwa sababu kamati ya kuitafutia jina bado iko kwenye mapumziko ya chai, palikuwa na Wizara ya Elimu ya Kidijitali na Akinamama Watakaohusika. Wizara hiyo ilikuwa na ghorofa saba, lifti moja iliyokufa, na mtu mmoja aliyejua kompyuta. Mtu huyo aliitwa Sikitu Mwandile. Kwa kuwa alikuwa mwanamke, wizara ilimtumia pia kama ushahidi kwamba mambo yanakwenda.

Sikitu alikuwa na miaka thelathini na mbili, miwani yenye kioo kinene, na hasira za karibu ambazo alikuwa amezifundisha kukaa kimya wakati wa vikao. Yeye peke yake ndiye aliyeutengeneza mfumo wa Darasa Mtandao, ule unaowawezesha wanafunzi wa shule za mbali kusoma na kufanya mitihani kwa kompyuta. Siku ya kuuzindua, kila kompyuta mama, yaani ile kubwa inayoziamsha nyingine zote, ilitakiwa ifungwe kwa alama ya kidole cha Mheshimiwa Lubida, Naibu Waziri. Bahati mbaya, mikono yote miwili ya Mheshimiwa ilikuwa imeshika mkasi wa kukatia utepe. Wakaazima kidole gumba cha Sikitu. Tangu siku hiyo kidole kile kikawa mali ya serikali, naye akaagizwa asikate vitunguu.

Basi ikaja barua kutoka Shule ya Wasichana Lunguza, imeandikwa kwa mkono na Mwalimu Tabu Ngwale, aliyekuwa akifundisha kompyuta kule bila msaada wa mtu.

"Dada Sikitu," ilisema, "radi imepiga, kompyuta mama imejifunga, inataka kidole chako. Wasichana wangu thelathini na wanane wana mtihani wa kuingia Chuo cha Teknolojia, Ijumaa ijayo saa nane mchana. Wasipoufanya, mwingine ni baada ya miaka mitatu, na wewe unajua miaka mitatu ina maana gani kwa msichana wa huku. Wawili wameshaletewa posa. Njoo dadangu, hata kama ni kwa kudandia lori."

Kutoka mji mkuu hadi Lunguza ni saa tano kwa basi. Kuifungua kompyuta mama ni dakika ishirini. Sikitu akapiga hesabu, akaona akiondoka Jumatatu asubuhi, Jumanne atakuwa amerudi mezani kwake. Akaomba ruhusa.

Majibu yalikuja na mihuri minne. "Ombi lako la kusafiri peke yako limepokelewa kwa masikitiko," yalisema. "Wizara imetambua kilio cha muda mrefu cha wanawake wa teknolojia kukosa kusindikizwa. Hivyo basi, utasindikizwa."

*

Ujumbe ukaundwa. Uliitwa Ujumbe wa Ziara ya Kikazi ya Kuchunguza Elimu ya Kidijitali na Mwanamke Ndani ya Teknolojia, na ulikuwa na wanaume kumi na mmoja. Alikuwemo Mheshimiwa Lubida mwenyewe, katibu wake, msaidizi wa katibu, wapiga picha wawili, daktari, mshika mwavuli, na mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya ambaye alikuwemo katika kila ujumbe na hakuna aliyethubutu kumwuliza yeye ni nani. Aliyeupanga ni Bwana Sekemi, Ofisa Itifaki, mtu mwembamba aliyebeba mwongozo wa kurasa mia nne kwapani.

"Na mimi kazi yangu nini?" Sikitu akamwuliza.

"Wewe ndiye mada, Bi Sikitu."

"Mada inafanya nini?"

"Mada haifanyi kitu. Mada inachunguzwa. Kaa karibu na Mheshimiwa ili utokee kwenye picha, ila usimzibe."

Jumatatu saa tatu wakaondoka, na saa nne na nusu wakawa wamefika makao ya mkoa. Sikitu alidhani wanapita tu. Hakuwa amewahi kusafiri na ujumbe, kwa hiyo hakujua kwamba katika nchi ile mtu hapiti mahali bila kusaini kitabu cha wageni.

Kitabu cha mkoa kilikuwa na jalada la mahameli. Kilikuwa na safu ya tarehe, ya jina, ya cheo, ya anakotoka mgeni, ya sababu ya ujio, ya sahihi, na ile pana kuliko zote, ya maoni. Mheshimiwa Lubida akavaa miwani ya kusainia, akaandika kwa mwandiko ulionyooka: "Nimefurahi. Nimejifunza mengi." Wapiga picha wakampiga picha. Akafuata katibu, naye akafurahi na akajifunza mengi. Akafuata msaidizi wa katibu. Mzee mwenye kofia alipofika kwenye safu ya cheo akaandika "Kama kawaida", na hakuna aliyeshangaa.

Walisaini kwa mpangilio wa vyeo, na Sikitu alikuwa wa mwisho, baada ya mshika mwavuli. Aliporuka safu ya maoni ili kuokoa muda, Bwana Sekemi alimrudisha.

"Mgeni asiyetoa maoni amekasirika," alisema. "Ibara ya hamsini na mbili. Na msafara hauondoki, wala shughuli yoyote haianzi, mpaka mgeni wa mwisho amalize maoni yake."

"Lakini hapa hatujaona kitu chochote."

"Ndiyo maana ni rahisi kuyaandika."

Sikitu akaandika kwamba amejifunza mengi. Ikafuata chai, ikafuata hotuba. Mheshimiwa akawaambia watumishi wa mkoa kwamba mwanamke ndiye kompyuta ya kwanza ya familia, kwa kuwa huwashwa mapema na huzimwa wa mwisho. Walipiga makofi sana. Kisha akamwonyesha Sikitu kwa kidole: "Na huyu hapa ni mwanamke halisi, tumekuja naye kwa mfano."

Wakati wa kuagana ndipo Sikitu alipoona balaa lenyewe. Watu wa mkoa, kwa ustaarabu wao, wakasema haiwezekani mgeni kama Mheshimiwa aende wilayani bila kusindikizwa. Wakapanda magari, watu kumi na wanane. Wilayani wale kumi na wanane hawakuwa tena wenyeji, wakawa wageni, na kila mgeni sharti asaini.

*

Jumanne yote iliishia wilayani, maana kalamu ilikuwa moja na watu walikuwa thelathini. Wilaya nayo ikatoa wasindikizaji thelathini na wanne. Usiku huo walilala hapohapo. Jumatano waliingia tarafani watu sitini na wanne, wakiongozwa na gari la king'ora, na katibu tarafa akatokwa na machozi kwa kuona jinsi serikali inavyoijali teknolojia.

Sikitu alikuwa na kidaftari chake cha hesabu, akawa anaandika humo idadi ya watu, dakika za kusaini, dakika za chai, na ofisi zilizobaki: tarafa, kata, kijiji, kisha shule. Kila alipozidisha, jibu lilimtia jasho. Kadiri ofisi zilivyozidi kuwa ndogo, ndivyo msafara ulivyozidi kuwa mkubwa na kitabu kuwa kidogo. Kutoka pale tarafani hadi Lunguza ilikuwa kilomita arobaini tu. Mtu mwenye baiskeli nzima angefika kabla ya chakula cha jioni.

Akamwendea Mheshimiwa Lubida, ambaye alikuwa amevuliwa viatu ili miguu ipumzike.

"Shikamoo Mheshimiwa. Naomba nitangulie Lunguza. Watoto wana mtihani keshokutwa, na bila kidole changu hawawezi kuufanya."

"Marahaba, binti." Mheshimiwa alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililomuumiza Sikitu zaidi, maana mtu mkali angalau unaweza kumchukia ukalala. "Nakuelewa. Lakini nikikuachia wewe, huu utakuwa ujumbe wa nini? Nitafikaje kule na mwanamke ndani ya teknolojia bila mwanamke?"

"Mtanikuta kulekule."

"Tutakukuta wewe ukiwa mwenyeji au mgeni?" Mheshimiwa akamgeukia Bwana Sekemi. Bwana Sekemi akafungua mwongozo, akasoma kwa dakika kumi, akatikisa kichwa.

Sikitu hakungoja tena. Alichukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa nyuma, akatembea hadi stendi na kukata tiketi ya gari la mwisho. Alikuwa ameshakaa kiti cha dirishani pale king'ora kiliposikika. Gari la polisi likaja na kumchukua kwa heshima zote, maana ilibainika kwamba ameondoka tarafani bila maoni. Na kwa kuwa mgeni mmoja alikuwa ameharibu mpangilio wa vyeo, ukurasa wote ukafutwa, na watu sitini na wanne wakaanza upya. Mheshimiwa aliandika kwa mara ya pili kwamba amefurahi. Sikitu, zamu ilipomfikia, alikuwa akilia waziwazi kwa hasira, na mpiga picha akaipenda sana picha ile. Ilitoka gazetini chini ya maneno "Mtaalamu Aguswa na Mapokezi".

*

Ijumaa saa nane kasoro robo mchana msafara uliingia Lunguza. Walikuwa watu mia mbili na kumi na nne, magari hamsini na moja, na Sikitu alikuwa wa mia mbili na kumi na nne.

Wasichana thelathini na wanane walikuwa wamepangwa mistari miwili juani tangu saa nne, kila mmoja na ua mkononi, wakiimba wimbo waliotungiwa na ofisi ya kata, "Sisi Ndio Teknolojia". Walikuwa wameimba beti zote mara nyingi hata sauti zimeanza kukwaruza. Mwalimu Tabu, mwanamke mfupi mwenye kilemba cha kijani, alisimama nyuma yao akitazama saa ya mkononi. Alipomwona Sikitu akamnyooshea dole gumba juu. Haikuwa salamu, alikuwa akiuliza kama kidole kimefika.

Shule ile ilikuwa na jenereta moja, na hapo ndipo kisu kilipofika mfupani. Jenereta lile liliweza kuendesha kompyuta za darasani, au liliweza kuendesha spika za Mheshimiwa. Yote mawili halikuweza. Na mfumo, ambao Sikitu mwenyewe ndiye aliyeuwekea sheria hiyo na sasa akijilaani, ulimruhusu mwanafunzi kuanza mtihani mwisho saa nane na nusu, kisha ukampa saa moja na nusu. Maana yake jenereta lisiguswe mpaka saa kumi.

Meza ikawekwa getini chini ya turubai. Kitabu cha wageni cha shule kilikuwa daftari kubwa jipya ambalo Mwalimu Tabu alilinunua kwa ajili ya siku hiyo. Mheshimiwa akavaa miwani ya kusainia.

Sikitu akapita pembeni ya meza kuelekea darasani. Bwana Sekemi akamziba njia.

"Bi Sikitu! Mtu hajafika mpaka asaini."

"Kwa hiyo mimi sijafika?"

"Bado. Zamu yako ni ya mia mbili na kumi na nne."

"Niko wapi sasa hivi, Bwana Sekemi?"

"Kiitifaki, uko njiani."

"Basi unamzuiaje mtu ambaye yuko njiani? Mwongozo unasemaje kuhusu kumzuia mtu ambaye hajafika?"

Bwana Sekemi alikuwa mtu mwadilifu. Akafungua mwongozo kutafuta. Alipofika ibara ya tisini, Sikitu alikuwa ameshaingia darasani, ameshainamia kompyuta mama, na kidole gumba cha serikali kilikuwa kimekandamizwa kwenye kioo. Mashine ikanguruma kama paka aliyeamshwa.

Nje, Mwalimu Tabu aliwavuta wasichana kutoka kwenye mistari wawiliwawili. Wapishi wa shule, akinamama wa makamo waliokwisha kuivisha pilau, wakavua aproni, wakashika maua, wakajaza nafasi. Wimbo haukukatika hata kidogo, ila uliteremka sauti. Ofisa mmoja wa mkoa, aliyekuwa akisaini wakati huo, alitazama akaandika: "Nimefurahi kuona wasichana waliokomaa."

Saa nane na dakika ishirini na tano kompyuta thelathini na nane zikawaka kwa mpigo. Hakuna aliyeshangilia, maana nje wangesikia. Wasichana walikaa, wakafuta jasho kwa mikono ya sare, wakaanza. Sikitu akakaa kwenye dirisha na kidaftari chake. Akaona watu wanasaini harakaharaka kuliko siku zote. Harufu ya pilau ilikuwa imewaongezea kasi, na maoni yalikuwa yamefupishwa hadi "Vizuri". Akahesabu tena. Wangemaliza saa tisa na robo. Fundi wa spika alikuwa ameshasimama karibu na jenereta, waya mkononi, akingojea ishara ya Bwana Sekemi.

Zilihitajika dakika arobaini na tano, wala hapakuwa na mtu wa kuombwa.

*

Saa tisa na robo mshika mwavuli alitia sahihi yake na Bwana Sekemi akaita, "Bi Sikitu Mwandile!"

Sikitu akatoka, akaketi, akavuta kiti vizuri, akafuta miwani. Aliandika tarehe. Aliandika jina. Kisha akaingia kwenye safu ya maoni.

"Jina langu ni Sikitu," aliandika. "Nimekuja kubonyeza kitu kimoja kwa kidole kimoja. Safari ya saa tano imenichukua siku tano, kwa sababu nimesindikizwa na watu mia mbili na kumi na watatu ambao hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninafanya kazi gani."

Mstari ukaisha. Akahamia wa pili, wa tatu. Mwanzoni aliandika ili muda uende, lakini alipofika ukurasa wa pili mkono ulikuwa umeshika moto na maneno yanakuja yenyewe. Aliandika jinsi anavyoitwa kwenye vikao kumimina maji wakati mada ni mfumo alioutengeneza yeye. Aliandika kwamba amechoka kuwa mfano, kwamba lifti ya wizara ilikufa na anajua kuitengeneza lakini hajapewa ruhusa, kwamba Mwalimu Tabu amewafundisha watoto wale kwa kibao cha herufi za kompyuta kilichochorwa kwenye makaratasi mpaka vidole vyao vikajua herufi bila kuziona. Aliandika kwamba amejifunza jambo moja tu wiki nzima, nalo ni kwamba nchi inaweza kukuzuia kwa upole hata ukakosa mtu wa kumkasirikia.

"Bi Sikitu," Bwana Sekemi akanong'ona, "maoni huwa mstari mmoja."

"Mwongozo unasema mstari mmoja?"

Akaangalia. "Unasema maoni ya kina."

"Basi niache."

Watu mia mbili na kumi na watatu walisimama juani wakimtazama. Hakuna aliyeweza kuingia wala kukaa wala kula. Wapishi, wakiwa na maua yao, walianza wimbo kwa mara ya ishirini. Mheshimiwa Lubida akamsogelea, akamwinamia kama baba.

"Binti, pilau inapoa."

"Mheshimiwa, nimejifunza mengi. Hayaingii kwenye mstari mmoja."

Uso wa Mheshimiwa ukalainika. "Mwacheni," akawaambia wenzake. "Huyu ziara imemgusa. Mpigeni picha."

Maneno ya hasira yalipomwishia bado ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na tano. Basi Sikitu akaanza kuandika majina ya wasichana, mmoja baada ya mwingine, kama alivyoyakariri kutoka kwenye orodha ya mtihani. Mwanaisha Kindole. Shukuru Mbilinyo. Fatma Ligola. Kila jina aliliandikia namba yake ya mtihani na kijiji anachotoka, kwa herufi kubwa, polepole, kwenye kitabu cha namna ambayo haikuwahi kuandikwa jina la mtu asiye na cheo. Alipolimaliza la thelathini na nane, akainua macho. Dirishani Mwalimu Tabu alikuwa amevua kilemba na anakipunga.

Sikitu akatia nukta na kusaini. Alikuwa amejaza kurasa kumi na moja.

Msafara mzima ukapiga makofi. Waya ukachomolewa darasani ukachomekwa kwenye spika, na Mheshimiwa akahutubia kwa saa mbili kuhusu umuhimu wa kuwapa wasichana muda.

*

Majibu yalitoka baada ya mwezi. Thelathini na mmoja walifaulu. Saba walifeli, na kufeli kwao kulikuwa kwa kukosea majibu, jambo ambalo Mwalimu Tabu alilitaja kwenye simu kwa fahari.

Ripoti ya ziara nayo ilitoka. Ilieleza kwamba uchunguzi umebaini kikwazo kikuu cha elimu ya kidijitali nchini kuwa ni udogo wa vitabu vya wageni mashuleni, hali iliyojidhihirisha Lunguza, ambapo mgeni mmoja alilazimika kutumia kurasa kumi na moja. Ikaagizwa kwamba kabla ya kompyuta nyingine yoyote kununuliwa, kila shule ipelekewe kitabu chenye jalada gumu. Kitabu cha Lunguza chenyewe kiliombwa na wizara kama kielelezo, kikawekwa kwenye kabati la kioo ghorofa ya saba, kikiwa kimefunguliwa kwenye ukurasa wa Sikitu. Maofisa walikuwa wakipita mbele yake kila siku wakienda chai, na wote walisifu mwandiko. Hakuna aliyesoma.

Sikitu, asubuhi za kwanza, alikuwa akipita pale akingojea kuitwa. Baadaye aliacha kungojea, na hilo lilimuumiza kuliko ambavyo kufukuzwa kungemuumiza.

Siku moja Bwana Sekemi alipanda ngazi hadi mezani kwake akihema, na karatasi yenye mihuri mitano. Wizara ilikuwa imeamua kwenda Lunguza kuwapongeza wasichana waliofaulu, kabla hawajaondoka kwenda chuoni. Wasichana walitakiwa kuripoti chuoni Ijumaa saa nne, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka shuleni kabla ya kupongezwa. Ujumbe ungeanza safari Jumatatu, kupitia mkoani.

"Safari hii tumejali malalamiko," Bwana Sekemi alisema. "Tumepunguza watu. Tunaondoka kumi tu."

Sikitu aliisoma ile barua mara mbili. Kisha akavuta droo, akachukua kalamu mbili mpya za wino mweusi, akazitia mkobani.